Mvi za Kupaka

Mvi za Daktari zilikuwa karibu kuiva pale mlango wa saluni ulipogongwa.

Msusi aliweka kidole mdomoni. Daktari alikuwa amejilaza kwenye kiti cha kuoshea nywele, chumba cha nyuma, taulo shingoni, vipande vya foili vimemsimama juu ya masikio. Akanyamaza katikati ya sentensi. Ilikuwa sentensi tamu pia, yenye neno "harusi" ndani yake, na Msusi alitamani sana kuusikia mwisho wake.

"Pamefungwa!" Msusi alipaza sauti.

"Pamefungwa kwa nani? Kwa aliyekuzaa?"

Msusi aliitambua sauti ya mama yake. Akamwangalia Daktari, naye Daktari akaangaza macho huku na huku akitafuta pa kutokea. Hapakuwepo. Chumba kile kilikuwa na beseni, rafu ya dawa, kidirisha chenye nondo karibu na dari, na pazia la maua lililokitenga na chumba cha mbele. Anayetaka kutoka hupita mbele, na mbele sasa kulikuwa na mama mkwe mtarajiwa anayegonga kioo kwa pete yake.

"Usitoke," Msusi alinong'ona. "Usikohoe. Na usiguse bomba, linapiga kelele hadi mtaa wa pili."

"Na blichi je? Si umesema isipitilize?"

"Mama hakai. Anapita tu."

Mama alikaa.

Hapa inafaa nieleze, maana mtu mwenye akili zake atauliza: kijana wa miaka ishirini na tisa, mzuri wa kuangaliwa, anatafuta nini kwenye blichi? Anatafuta wagonjwa. Alikuwa daktari wa meno, na alipofungua kliniki yake watu walikuwa wanaingia, wanaukodolea macho ule uso wake laini, kisha wanauliza, "Daktari mwenyewe yuko wapi?" Akisema ndiye yeye, wanakumbuka ghafla kwamba wameacha kitu jikoni. Bibi mmoja alimwambia bila kumung'unya maneno, "Mjukuu wangu, kamwite baba yako." Mkono ulikuwa mwepesi, kusoma alikuwa amesoma, na bado kiti cha wagonjwa kilikaa kitupu. Ndipo siku moja akaingia saluni ya jirani, akasimama mbele ya mwanamke ambaye kazi yake ni kuficha mvi za watu, akamwomba ampake mvi.

Msusi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akampaka. Alimpaka pembeni, akampaka na ndevu kidogo, akamtafutia miwani ya vioo vitupu, na kliniki ikajaa. Barakoa ikishakaa usoni, wagonjwa waliona mvi na miwani tu, wakafungua vinywa kwa amani. Na yeye Msusi, kwa kukishika kile kichwa kila baada ya wiki chache na kusikiliza vituko vya mwenyewe, akajikuta anampenda kupita alivyowahi kumpenda mtu. Kwa umri alimzidi miaka minne. Hilo walilijua wao wawili tu.

Shida ilikuwa nyumbani kwa Msusi. Mchumba wake wa kwanza, kijana mtanashati, alitoweka harusi ikiwa mlangoni, na tangu hapo mama na mjomba walipiga vijana marufuku. "Mtu mzima," mjomba alisema. "Mtu mzima aliyetulia, au ukae hapahapa na sisi." Basi wapenzi wakapanga mpango wao. Mama alikuwa na jino bovu. Aende kwa Daktari, amzoee, amwamini, na siku moja Daktari aje kuposa akiwa tayari mtu wa nyumbani. Mama alienda, akang'olewa lile jino, akamwamini. Mjomba naye akafuata, akazibwa meno mawili. Daktari akawa anapita jioni kumjulia hali mgonjwa wake, anakaa sebuleni na kuongea taratibu kama mstaafu. Mpango ulikwenda vizuri kupita kiasi.

"Nipake," mama alisema, akijitupa kwenye kiti mbele ya kioo na kuvua kitambaa cha kichwa. "Nyeusi. Usiache hata moja."

"Mama, si ulisema mvi zako ni heshima?"

"Nilisema lini?"

"Kila nilipotaka kukupaka."

"Basi heshima imetosha. Nipake."

"Jioni nitakupaka nyumbani, tena vizuri, bila haraka."

"Nyumbani mjomba wako yupo, atanicheka. Mbona unanifukuza? Kuna nini humu?" Mama alivuta pumzi kwa pua. "Na hii harufu?"

"Dawa tu, mama. Nimelowesha nywele za bandia huko nyuma."

"Inachoma macho."

Huko nyuma, nywele za bandia zilikuwa zinauma midomo. Msusi alichanganya rangi nyeusi kwenye bakuli, akavaa glavu, akaanza upande wa kushoto. Alipaka haraka haraka, naye mama, ambaye siku zote humhimiza, leo akataka apakwe polepole.

"Jumapili tuna mgeni," mama alisema, akijiangalia kwenye kioo.

"Nani?"

"Daktari. Mjomba wako amemwita chakula cha mchana. Anataka kumuuliza nia yake."

Brashi ilisimama. Furaha ilimpanda Msusi ghafla, akaogopa mama ataiona kwenye kioo. "Nia ya nini?" aliuliza, akijifanya mjinga.

"Ya nini tena! Mwanaume mtu mzima hawezi kuingia na kutoka kwenye nyumba ya watu bila kusema anataka nini. Mimi si kipofu, mwanangu. Mtu anajulia hali jino alilokwisha kuling'oa. Analeta matunda. Unafikiri anakuja kuangalia fizi?"

"Hapana, mama." Tabasamu lilimshinda. "Kwa hiyo mmeshajua."

"Nimejua siku nyingi. Nilikuwa naona haya kukwambia. Nilisema huyu mtoto atadhani mama yake amechanganyikiwa, kupendwa umri huu."

Msusi aliendelea kutabasamu kwa muda baada ya kusikia maneno yale, kwa sababu uso wake ulichelewa kuelewa. Kisha ukaelewa. Nyuma ya pazia foili ilichakarika mara moja, ikatulia.

"Mama," alisema.

"Usiseme kitu, nitashindwa kumaliza." Mama alikunja kitambaa chake mapajani, akakikunjua, akakikunja tena. "Tangu baba yako atutoke, mimi ni mama wa kila mtu. Sokoni mama, kanisani mama, hata kondakta mwenye ndevu ananiita mama. Huyu ananiita dada. Siku ile ya sindano niliogopa mpaka nikatetemeka. Akaniambia, 'Tulia, dada yangu,' nikatulia. Nikatulia kabisa. Mtu akishaishi miaka yake hana papara, unajua? Hawezi kukuacha njiani kama yule bwana mdogo wako. Kijana unamwamini vipi? Hata yeye mwenyewe bado hajijui."

Msusi alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na brashi mkononi, anampaka ujana kichwani kwa ajili ya mwanaume ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyempaka uzee, na kila neno aliloweza kulisema lilikuwa linamuumiza mmoja wao. Akisema kweli, anamvunja mama. Akinyamaza, Jumapili inafika. Alimpenda huyu na alimpenda yule, na kati yao palikuwa na pazia la kitambaa chepesi.

"Mbona umenuna?" mama aliuliza. "Hufurahi?"

"Nafurahi, mama."

"Basi paka."

Akapaka. Nyuma ya pazia kiatu kiligonga sakafu taratibu. Kikagonga tena, kwa kasi zaidi. Msusi aliijua kazi yake, na alijua kinachoendelea chini ya foili ile bila kuambiwa. Kwanza ngozi huwasha, baadaye huchoma, halafu hufika mahali huwezi kusema tena kwamba unavumilia, unaungua tu. Na Daktari angeungua mpaka mwisho bila kutoa sauti. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Angekaa pale machozi yakimtoka kwa ajili ya kumsitiri mama wa mtu, kisha aje kuuliza kama mama alipendeza.

Kiatu kikaacha kugonga. Hicho ndicho kilichomtisha.

"Mama, nisamehe," alisema, akaweka bakuli mezani.

"Nikusamehe nini?"

Msusi alifungua pazia, akamshika Daktari mabega, akamlaza kwenye beseni na kufungua bomba hadi mwisho. Bomba lilipiga kelele yake yote. Alivuta foili moja baada ya nyingine, akamwaga maji, akasugua kwa vidole, akawa anasema, "Pole, mpenzi wangu, pole, karibu itatoka," na hakukumbuka kushusha sauti.

Alipogeuka, mama alikuwa amesimama penye pazia. Nusu ya kichwa chake ilikuwa nyeusi inayong'aa, nusu nyeupe. Hakuna aliyeona haja ya kucheka.

"Ni nani huyo?" mama aliuliza.

Daktari aliinuka, maji yakimchuruzika hadi kifuani. Hakuwa na miwani. Hakuwa na barakoa. Ndevu zake zenye mvi zilionekana sasa kama zilivyokuwa, rangi juu ya uso wa kijana. Akataka kumwita alivyozoea kumwita, akashindwa.

"Mama," alisema. "Shikamoo."

Mama alishika ukuta. Hakuitikia. Nadhani angepigwa kofi lingemuuma kidogo kuliko salamu ile.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Na hizo mvi?"

"Za kupaka."

"Nani anakupaka?"

Msusi akajibu mwenyewe. "Mimi, mama."

"Wewe." Mama alimwangalia mwanawe, akaangalia glavu zake. "Mimi nakwambia ya moyoni mwangu, na wewe unanipaka, na yeye umemficha hapa anasikiliza."

"Sikukusudia akusikie. Mama, tulitaka umzoee tu. Nampenda. Ulisema vijana hapana, ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali!" mama alipiga kelele. "Lakini ungekuwa umeniambia!"

Maji yalidondoka kwenye beseni. Mama alipeleka mkono shavuni, akagusa mahali jino lilipokuwa, na sura yake ikabadilika, ikaingiwa na woga mpya.

"Hili jino," alimwambia Daktari. "Ilikuwa lazima kuling'oa?"

"Mama?"

"Nauliza. Lilikuwa halizibiki? Au ulikuwa unajifunza?"

"Lilikuwa limeoza hadi mzizi. Nilikuonyesha picha."

"Ulinionyesha, nikasema sawa. Ungenionyesha picha ya goti ningesema sawa. Nilikuwa nakuangalia wewe, siangalii picha."

"Lakini pamepona," Msusi aliingilia. "Mama, wewe mwenyewe ulisema hukuumia hata kidogo. Ulimsifia kwa kila mtu. Si ni kazi ileile?"

"Sijui!" mama alisema, na alikuwa anasema kweli. "Jana nilikuwa najua. Leo naona pananiuma."

Ndipo simu yake ikalia mbele, juu ya meza ya kioo. Ililia, ikakata, ikalia tena. Mama alirudi kuipokea, na kwa sababu sikio lake lilikuwa na rangi akaiweka spika. Sauti ya mjomba ikajaa saluni nzima, imechangamka.

"Dada! Mwenzetu amethibitisha? Mimi hapa nimeshapiga pasi shati."

Msusi na Daktari walikuwa wamemfuata hadi penye pazia. Mama aliwatazama kupitia kioo. Wangeweza kumwona akipima njia zote na kukuta zote zimezibwa. Alikuwa ameshajitangaza kwa kaka yake, na kaka yake si mtu wa kunyamazia jambo.

"Anakuja," mama alisema. "Anakuja kumposa mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Nimezaa wangapi?"

Mjomba alikohoa. "Daktari? Na mvi zile? Huyo anataka kuoa au kulea? Dada, yule ni rika langu, anaweza kumzaa! Mwambie hapana. Amemzidi mno, na wewe amekuchezea."

"Hajamzidi. Ana miaka ishirini na tisa. Mvi ni za kupaka."

Simu ilinyamaza mpaka wakadhani imekatika.

"Ishirini na tisa," mjomba alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na ameniziba meno mawili?"

"Ndiyo."

"Yaani katoto kameingiza mashine kinywani mwangu, na mimi nimeachama tu?" Sauti ilipanda. "Basi hapo ndiyo hapana kabisa! Kijana mwingine? Yule wa kwanza hatujamsahau! Jumapili asikanyage, dada. Na mimi kesho natafuta daktari mwenye akili anitoe hivi vitu alivyoniwekea."

Ikakatika. Daktari alikuwa amekataliwa kwa uzee, na kabla hajameza mate akakataliwa kwa ujana. Hakubakiwa na umri mwingine wa kukimbilia. Alikaa kwenye mkono wa kiti cha kukaushia nywele, maji yakimtiririka mgongoni, na Msusi alimtaka sana, akatamani amkumbatie, na hakuthubutu kusogea mbele ya mama yake.

Mama alianza kulia. Alilia kimya, ameketi wima, na machozi na jasho vikaichukua rangi kutoka kwenye paji la uso na kuishusha kuelekea jichoni.

"Mama, rangi!" Msusi aliruka, akakumbuka glavu zake. Zilikuwa zimejaa blichi. Akaanza kuzivua, zikamng'ang'ania vidoleni. "Usijifute, utaisambaza! Fumba macho! Daktari, taulo!"

Daktari alishachukua taulo safi na kulilowesha ncha.

"Usinisogelee," mama alisema.

"Itaingia jichoni. Itakuunguza."

"Nimesema usinisogelee."

Lakini ilikuwa imefika kwenye kope, na alilazimika kufumba. Daktari alimshika kidevu kwa vidole viwili, kama alivyowashika mamia ya wagonjwa, akamwinua uso kwenye mwanga. Alifuta kutoka puani kwenda nje, polepole, akageuza taulo, akafuta tena. "Tulia," alisema. Mama akatulia. Mabega yake yalishuka, mikono ikalegea mapajani, uso wote ukalainika, na Msusi aliyekuwa anatazama akaingiwa na tumaini hata likamuuma.

"Mkono ni uleule," mama alisema, macho bado ameyafumba.

Kisha akayafumbua. Akaona uso laini ulio karibu na wake, nywele ambazo blichi imezipitiliza zikawa na umanjano wa majani makavu, lengelenge jekundu juu ya sikio. Aliutazama uso ule kwa muda mrefu, na ilikuwa wazi kwamba anamtafuta mtu fulani humo ndani na hamwoni. Akausogeza mkono wa Daktari pembeni, bila hasira.

"Jumapili uje," alimwambia. "Kaka yangu niachie mimi. Usije na miwani, na hicho kichwa ukinyoe kabla hakijatisha watu."

"Mama, ahsante. Naapa nita..."

"Usiniapie. Huyu ana zaidi ya miaka thelathini, amekuchagua, nimuweke kabatini? Mwanangu nakupa." Alijifuta pua kwa kitambaa. "Kinywa changu, hapana. Kwenye kiti chako sikai tena, hata jino liniume vipi. Nikifumbua macho nakuona, na nikikuona naogopa. Ndivyo nilivyo, sina la kufanya."

Msusi alimgusa mama bega kwa mkono aliofanikiwa kuuvua glavu. Mama hakuusukuma wala hakuushika.

"Malizia upande huu," alisema. "Siwezi kutembea barabarani hivi."

Msusi alivaa glavu mpya, akachukua bakuli na kuanza tena kupaka. Kwenye kioo walimwona Daktari nyuma yao, amesimama na taulo lililochafuka mkononi, anaangalia viti vyote vya saluni ile na hajui akae wapi.